Upinde wa Liyongo Mezani

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitolewa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mchezaji mmoja huwa msimulizi, wengine kila mmoja huigiza mhusika wake, na dadu huamua kama walichojaribu kimefaulu. Hapa Kampala tunaucheza watu watano kila Jumamosi, na kwa kuwa sote tunasoma Kiswahili, tunausimulia kwa Kiswahili. Msimulizi ni mimi.

Muhula uliopita, baada ya kusoma habari za Fumo Liyongo, mwenzetu anayeigiza mpiga mishale aliniomba nimtungie upinde wa Liyongo. Alikuja na masharti yake: kila mshale uongezewe 3 katika kulenga na 3 katika madhara, kisha na dadu mbili za pande sita juu yake.

"Ni upinde wa shujaa, ndugu yangu," aliniambia. "Usinipunje."

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Mhusika wake yuko ngazi ya 5, hupiga mishale miwili kwa zamu. Kwa upinde mrefu wa kawaida, dhidi ya adui mwenye kinga ya 15, hulenga sawasawa mara 13 katika 20, na mshale uliompata adui humtia madhara ya 8.5 kwa wastani. Kwa zamu nzima ni kama 11. Kwa upinde alioutaka, angelenga mara 16 katika 20, na kila mshale ungetia 18.5. Hiyo ni karibu 30 kwa zamu, sawa na wapiga mishale watatu kasoro kidogo.

Wanaoumia kwa tofauti hiyo ni wachezaji wenzake. Nikiwaacha maadui walivyo, wanakufa kabla dada yetu mwenye kisu hajafikiwa na zamu. Nikiwaongezea nguvu ili waustahimili upinde, kisu kile kinakuwa cha kumkwaruza kifaru, na pigo moja la adui linamlaza mwenye kisu. Mtu akikaa saa tatu kumtazama mwenzake akicheza, Jumamosi inayofuata hukumbuka kwamba ana nguo za kufua. Watu watano wakipungua wawili, mchezo umekwisha.

Niliurudia utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo hakudhurika kwa silaha, ila kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwanawe alipomchoma, alitwaa upinde wake akaenda kisimani, akapiga goti kama anayetaka kufuma, akafa vivyo hivyo, na watu wakaogopa kusogea kuteka maji. Goti hilo ndilo lililonipa jibu.

Upinde niliomtungia huongeza 1 tu katika kulenga na katika madhara, jumla kama 13 kwa zamu. Lakini mara moja kwa siku mwenyewe anaweza kupiga goti na kufuma mshale mmoja wenye dadu nne zaidi za pande sita, yaani wastani wa madhara 14 ya ziada. Akiwa amepiga goti hawezi kusogea, na mpaka zamu yake irudi, kila anayemshambulia hurusha dadu mbili na kuchagua iliyo kubwa.

"Liyongo hakuwa na mipaka," alilalamika.

"Alikuwa na kitovu," nilimjibu. Wenzetu walicheka, naye akaupokea upinde kwa shingo upande.

Wiki ya tatu zimwi liliziba mlango wa pango. Alitangaza kwamba anapiga goti, kisha akageuka kwa dada mwenye kisu na kumwuliza, "Utanikinga?" Dada alisogeza kiti chake karibu na meza na kuzichukua dadu. Sheria nilizoziandika hazikumlazimisha mtu yeyote kuuliza swali hilo. Hata hivyo, tangu siku hiyo hajapiga goti bila kuliuliza kwanza.