Jarida la shule ni la nani?
Jarida letu la shule lilikuwa na picha sita za mwalimu mkuu. Sita! Stori yangu ya wadudu kwenye githeri? Ilikatwa. Mwalimu wa klabu ya uanahabari alisema itatuharibia jina. Wadudu wenyewe hawaharibu, eti. Na pesa za kuchapisha zilitoka kwa wazazi.

Marekani, wanafunzi wa Hazelwood waliondolewa kurasa mbili zenye stori za mimba na talaka. Wakaenda hadi Mahakama ya Juu, wakashindwa 5 kwa 3, mwaka wa 1988. Sisi tuna Katiba ya 2010. Ibara ya 33 inasema kila mtu ana uhuru wa kujieleza, haisemi umalize kidato cha nne kwanza.

Kama uko klabu saa hii, weka nakala ya kila stori wanayokata.