KAKA, WAGENI WAKO WAKO WAPI?

Leo safu yenu inapanda kaskazini, kwenye baridi ya Karatu na Ngorongoro. Najua wengi wenu mkisikia Ngorongoro mnawaza wazungu wenye kofia pana na kamera ndefu kama bomba la maji. Kijana wa Kinondoni au Temeke akipata likizo na visenti anakimbilia Zanzibar, la sivyo anabaki palepale kijiweni. Mimi nilikwenda peke yangu, wiki tatu nzima, bila kampuni ya utalii wala ndugu wa kunipokea. Na nawaambieni, wiki tatu zilikuwa chache.

Kufika si kazi. Ukiwa Arusha unapanda kosta au Noah, unapita Makuyuni na Mto wa Mbu, halafu gari linaanza kukwea ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini kushoto. Lami tupu! Kipande cha kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Zamani ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika.

Mji wenyewe umejipanga kandokando ya barabara kuu. Udongo mwekundu, na nje ya mji kahawa, ngano na mahindi. Watalii wanapafanya kitanda tu: wanaingia jioni, alfajiri wanakwenda kreta, kesho yake hawapo. Ndiyo maana kijana mweusi mwenye begi mgongoni anawachanganya watu. Dada wa gesti niliyofikia aliangalia nyuma yangu, akauliza, "Kaka, wageni wako wako wapi?" Stendi wakauliza hivyo hivyo. Mwenye duka naye. "Mgeni ni mimi," nikawa najibu, watu wanacheka. Hawakuuliza kwa ubaya. Wamezoea kwamba Mtanzania mwenye begi huku ni dereva, mpishi au muongoza watalii. Lakini swali lile lilinikaa kichwani: hivi nchi hii tumeiachia wageni watembee, sisi tukabaki kubeba mabegi?

Basi nikakaa. Asubuhi nilikuwa napata chai kwa mama lishe mmoja karibu na soko. Siku ya kwanza nilimwamkia, nikamuuliza kama yeye ni Mmbulu. "Marahaba mwanangu," akasema, "Mbulu ni mji. Sisi ni Wairaqw." Kumbe lugha yao ni ya Kikushi, ndugu zake wa mbali ni Kisomali na Kioromo! Mzee mmoja jirani yake alinieleza kwamba mababu zao walikuwa wakichimba nyumba ndani ya mteremko wa kilima, paa la udongo likawa sawasawa na ardhi, ili adui aliyekuja kupora ng'ombe apite bila kuona kitu. Hiyo akili si mchezo.

Mnada wa tarehe 7 ndio uliomaliza kila kitu. Mbuzi, ng'ombe, mitumba, ndala za matairi, moshi wa nyama choma mpaka macho yanawasha. Wamasai wameteremka kutoka hifadhini na fimbo zao. Wadatoga wapo, wale tunaozoea kuwaita Wamang'ati, jina linalotokana na neno la Kimasai la adui. Mchaga anauza vyombo, Mnyiramba anauza karanga. Mkushi, Mniloti na Mbantu wanabishana bei, wote kwa Kiswahili. Niambie ni disko gani la Dar lenye mchanganyiko huo!

Wiki ya pili nilishuka Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, barabara ya kukung'utana hasa. Hapo ndipo vinapolimwa vitunguu kwa maji ya chemchemi, na hapo ndipo wanapoishi Wahadzabe, ambao idadi yao ni kama elfu moja na kitu tu. Wanaishi kwa upinde, asali, mizizi na ubuyu, na lugha yao ina milio ya kugongesha ulimi. Wadatoga wahunzi wanayeyusha vyuma chakavu na kufua ncha za mishale, Wahadzabe wanalipa kwa asali. Biashara bila hata senti.

Kreta nayo niliiona, msidhani niliiacha. Magari ya kawaida hayaruhusiwi kushuka, kwa hiyo nilichanga na walimu wanne tukakodi Land Cruiser. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi, nafuu kabisa ukilinganisha na dola za mgeni. Kutoka ukingoni hadi chini ni kama mita 600, na sakafu yake ni kilomita za mraba 260 hivi. Simba, tembo, faru weusi, vyote ndani ya shimo moja. Twiga tu hutamkuta chini.

Ila msomaji wangu, pale ukingoni usiangalie wanyama peke yao. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti ili Wamasai waendelee kuishi humo na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Mwaka 1979 ikawa Urithi wa Dunia. Kuanzia 2022 Serikali imekuwa ikihamishia familia Msomera, Handeni, ikisema watu na mifugo wameongezeka mno. Wapo waliokubali, wapo wanaopinga, na Agosti 2024 maelfu waliandamana barabarani humo humo hifadhini. Pale mnadani kijana wa Kimasai wa rika langu aliniambia, "Kaka yangu kahamia Msomera, mimi nipo hapa na mama. Ng'ombe tumegawana." Hakulia wala hakupiga kelele, akarudi kwenye mbuzi zake. Hayo ukipita usiku mmoja huyasikii.

Kwa hiyo washkaji, badala ya kumalizia hela kwenye bia, jichangeni watano. Bebeni sweta, maana Juni na Julai ukungu unashuka mpaka mlangoni. Laleni gesti za kawaida, ombeni ndoo ya maji moto, kuleni makande, amkieni wazee, mwulize kila mtu anatoka wapi. Na mkiulizwa wageni wenu wako wapi, jibuni kwa kujiamini kwamba wenye nchi wamekuja kuiona. Haya, tukutane wiki ijayo!