Safari ya Kaloleni

Mwezi uliopita tulialikwa Arusha kuona vijana wa chama kimoja wakitunzwa kwa ajili ya kazi zao. Tuliitika upesi, maana tangu zamani twapenda kuutazama mlima Meru asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Urefu wake wapita mita 4,500, na mji umelala miguuni pake upande wa kusini. Lakini siku ile mlima haukuonekana hata kidogo, wala hatukuusikitikia sana, kwa kuwa tuliyoyaona chini yalitutosha.

Mtaa tuliokwenda waitwa Kaloleni. Jina hili lapatikana kwingine pia: iko Kaloleni ya Moshi, iko ya Nairobi, na iko ile ya nchi ya Wagiriama, nyuma ya Mombasa. Hii ya Arusha i karibu na katikati ya mji. Fundi cherehani hukaa barazani, mama hukaanga mihogo mlangoni pake, na vijana wa pikipiki hungoja abiria penye njia panda. Tulifika mapema kuliko saa tuliyoambiwa, basi tukatembea.

Kwanza tuliuendea mnara wa Azimio na ukumbi ulio karibu nao. Zamani ukumbi ule ulikuwa wa ustawi wa jamii, mahali pa wenyeji kukutania. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokaa tangu tarehe 26 hata 29 Januari 1967, ikalikubali Azimio la Arusha, nalo likatangazwa tarehe 5 Februari. Tangu mwaka 1977 nyumba ile ni makumbusho, na wageni huja kutazama picha za wakubwa wa nchi. Sisi tuliwafikiri zaidi wadogo waliolipokea Azimio kwa miguu yao. Mwaka ule vijana wengi walifanya safari ndefu za miguu ili kuliunga mkono. Mmoja wao, Seti Benjamin, aliondoka Arusha pamoja na wenzake kwenda Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, naye akafa njiani. Mji ulimheshimu kwa kuipa barabara jina lake.

Tulipofika katika barabara hiyo tulitaka kujua kama wapitao wanamfahamu. Kijana mwuza viatu akasema, ‘Ni jina la barabara tu, mzee.’ Fundi saa akadhani alikuwa Mhindi mwenye duka. Wa tatu alikuwa bibi mmoja mwuza ndizi. Tukamwamkia, ‘Shikamoo, bibi,’ akaitika, na alipolisikia swali akaweka chini kisu chake. ‘Alikuwa kijana wa watu,’ akasema. ‘Alikwenda kwa miguu, asirudi.’ Kisha akatuuliza kama twanunua ndizi au la, nasi tukanunua.

Hatupendi kuwalaumu wale wawili. Jina likiandikwa juu ya nguzo pasipo kuelezwa, nani atalijua? Hata uwanja wa michezo ulio jirani, waitwao Sheikh Amri Abeid, watu wengi huingia kutazama mpira wasijue kwamba mwenye jina alikuwa mshairi, na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1964 akiwa waziri.

Saa nane tukaingia katika chumba walichoazimwa vijana wa chama kile. Kilikuwa chumba chembamba chenye mabenchi na ubao mmoja, na watu walikuwa wamejaa hata madirishani. Tuzo zenyewe zilikuwa kitu kidogo, hati ya karatasi yenye mhuri na kitabu kimoja. Lakini mwalimu anayewaongoza ana sheria ambayo twaiandika hapa kwa ajili ya walimu wasomao gazeti hili. Hakuna jina lisomwalo peke yake. Husomwa jina, kisha kazi aliyoifanya kijana, siku ngapi, pamoja na nani. Ndipo husimama mashahidi wawili wasio ndugu zake, na kila mmoja huulizwa, ‘Uliona kwa macho yako?’ Asiposema ‘Niliona,’ hati hurudi mezani.

Wa kwanza alikuwa mvulana wa miaka 17 aliyetunza daftari la fedha za chama kwa mwaka mzima. Twakiri kwamba sisi wenyewe tulidhani jambo hili ni dogo, hata shahidi mmoja alipoeleza jinsi wakubwa wawili walivyomwomba awakopeshe kidogo tu mpaka mwisho wa mwezi, naye akakataa. Chumba kikanyamaza. Wakubwa wale hawakutajwa, lakini tuliona watu wawili watatu wakitazama chini.

Alifuata mvulana mwenye mbio. Huyu alipigiwa makofi kabla hajasomewa chochote, maana kila mkimbiaji wa upande huu hutiwa moyo kwa habari za Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, ambaye tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia akiwa na miaka 20 tu. Mbio hazihitaji mashahidi, saa yatosha. Hata hivyo mwalimu akawataka mashahidi vile vile, nao wakashuhudia kwamba kijana huyu huamka saa kumi na moja kuwakimbiza wadogo wake kabla ya shule.

Hapo mzee mmoja Mwarusha akaomba kusema. Akasema kwamba kwao, kama kwa Wamaasai, jina hupewa rika zima, na sifa ya mmoja ni ya wote. Akaogopa kwamba kumwinua mtoto mmoja mbele za watu kwaweza kumvimbisha kichwa na kuwatia wenziwe wivu. Maneno yake hayakudharauliwa. Mwalimu akajibu, ‘Ndiyo maana, mzee, nawaita mashahidi. Mtoto aliyeshuhudiwa na wenziwe hajainuka peke yake.’ Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika nusu. Nasi twasema ana haki katika ile nusu nyingine. Chama hiki huwahesabu tu wale wanaohudhuria kila Jumamosi, na kijana auzaye mayai jioni ili mama yake apate kodi ya chumba hana Jumamosi. Tulimwambia mwalimu hivyo baadaye, kando. Akakaa kimya kitambo, akasema kwamba anaye mmoja wa namna hiyo, na kwamba jina lake amekuwa akilifikiri tangu asubuhi.

Wa mwisho alikuwa binti wa miaka 16. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kusoma watoto saba waliobaki nyuma darasani, katika ua wa nyumba yao, kwa miezi minane. Mashahidi wake walikuwa mama wa jirani na mmoja wa watoto wale, mdogo hata akasimamishwa juu ya benchi ili aonekane. Binti aliipokea hati, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Tuliambiwa polepole kwamba baba yake hakupenda kazi hiyo. Mara nyingi alikuwa amewafukuza watoto uani, akisema binti wa kwake si mwalimu wa serikali, na vyombo vyangojea kuoshwa.

Watu walikuwa wamekwisha kuinuka, na mabenchi yanasogezwa, baba akatokea. Alikuwa na mavazi ya kazi, yenye vumbi la saruji hata magotini, na kofia mkononi. Akasema, ‘Nimechelewa, mwalimu.’ Mwalimu hakujibu neno. Alilifungua daftari lake tena, watu wakakaa, naye akasoma tangu mwanzo: jina, kazi, ua, miezi minane. Mama jirani akasimama mara ya pili akasema, ‘Niliona.’ Yule mtoto akapandishwa tena juu ya benchi.

Baba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, ‘Hao saba wako humu?’

Wakasimama mmoja mmoja, wengine nyuma ya mama zao, na yeye akawahesabu kwa kidole. Walikuwa sita. Wa saba, binti akamwambia, ana homa, yuko nyumbani.

‘Nyumbani wapi?’ akauliza baba, akaivaa kofia yake, wakatoka wote wawili kumtazama.

Nasi tulikuwa na basi la saa kumi na moja.