Bolti Iliyokwama

Kitu kidogo hakidharauliwi na mtu aliyewahi kukihitaji. Bolti ya milimita 8 hulala katika kiganja cha mtoto, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya chakula cha mchana. Walakini pampu ya maji, bomba la moshi na viungo vingi vya injini hukaa mahali pake kwa amri ya bolti za namna hii. Siku moja kati yao ikataapo kufunguka, gari zima husimama, na pamoja na gari husimama riziki ya watu walioitegemea.

Wengi hudhani kuwa bolti hushika kwa kuwa imeingia ndani. Kwa kweli hushika kwa kuwa imevutwa. Ikazwapo, hurefuka kidogo sana, mfano wa kamba ya tanga iliyotiwa upepo, kisha hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza. Haja hiyo ya kurudi ndiyo ivibanayo vitu viwili pamoja. Mvuto huo hupatikana kwa gharama kubwa. Katika kila sehemu 10 za nguvu zitolewazo na mkono, karibu 5 humezwa na msuguano wa chini ya kichwa cha bolti, karibu 4 humezwa na msuguano wa hesi, na 1 tu hubaki kwa kazi yenyewe. Basi mwenye kufungua bolti ya zamani hushindana na msuguano zaidi ya kitu kingine chochote, na msuguano una marafiki wawili: kutu na wakati.

Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Izaliwapo ndani ya hesi, penye uwazi mwembamba sana, haina pa kwenda, kwa hiyo hubana pande zote kama kabari. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa hewa ya bahari huchukua chumvi, na chumvi huiharakisha kazi hii. Chuma kikikutana na alumini penye unyevu, aghalabu alumini ndiyo iliwayo, na unga wake mweupe huganda katika hesi. Bolti za bomba la moshi zina taabu kubwa zaidi, maana kila safari huchomwa, na kila jioni hupoa.

Katika gereji moja ya Tanga, dereva wa teksi alileta gari lililokuwa likivuja moshi penye kiungo cha bomba na injini. Bolti tatu zilitoka bila ya maneno. Ya nne ilikataa. Mwanagenzi wa gereji, kijana mwenye bidii, alichukua kipande cha bomba akakivika katika mpini wa spana ili aurefushe. Spana ya sentimita 20 ikirefushwa hadi sentimita 60 huzidisha nguvu za mkono mara 3. Kijana alivuta, na spana ikasogea kidogo. Alipotaka kuvuta tena, fundi mzee aliweka mkono wake juu ya bomba.

"Ngoja, mwanangu. Ilipozunguka umeisikia ikisema nini?"

"Haikusema kitu, mzee."

"Hiyo ndiyo hatari yenyewe."

Maneno ya mzee hayakuwa mafumbo. Bolti inayokubali hulia: hutoa mlio mkavu mara moja, kisha husogea. Ile iliyoshikwa na kutu na kuzidiwa na nguvu huzunguka kimya, kwa ulaini kama mpira usokotwao, kwa sababu hesi zake hazijatoka mahali pake. Kinachozunguka ni shingo yake tu. Robo mzunguko zaidi, na kichwa hubaki ndani ya spana, kiwiliwili ndani ya injini.

Dereva alikuwa na shida yake. "Mzee, tajiri wangu anataka hesabu yake usiku huu."

"Kwa hesabu ya siku moja utamwomba radhi," alijibu fundi. "Hii ikikatika ndani, utamwomba radhi kwa kichwa kizima cha injini."

Gari lililala gerejini. Bolti ilisuguliwa kwa brashi ya waya, ikatiwa mafuta mepesi yanayopenya, ikaachwa mpaka asubuhi. Kulipokucha fundi aliigonga kichwani kwa nyundo, mapigo mafupi yaliyonyooka, ili kutu ipate nyufa na mafuta yapate njia. Akayafuta mafuta ya juu, akahakikisha kuwa hapana petroli karibu, ndipo akawasha moto. Moto huo aliuelekeza katika alumini iliyoizunguka bolti, maana mita 1 ya alumini huongezeka kiasi cha maikromita 23 kwa kila digrii ya joto, na mita 1 ya chuma kiasi cha 12 tu. Tundu hupanuka upesi kuliko bolti iliyomo. Kisha aliikaza kidogo kabla ya kuifungua, akaenda mbele na nyuma, akiongeza mafuta kila hatua. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mlio mkavu ulisikika, na bolti ikatoka nzima.

Si kila bolti hutoka nzima. Iliyokatika ikaacha kishina nje yaweza kuchomelewa nati mpya, na joto la kuchomelea husaidia kuvunja kutu. Iliyokatikia ndani hudai keekee, na hapo mkono hujaribiwa. Hapana budi alama itiwe katikati kabisa kabla ya kutoboa, tundu lianze jembamba, lipanuliwe kidogo kidogo. Tundu la hesi ya bolti ya milimita 8 hutobolewa kwa upana wa milimita 6.8, yaani kila upande una milimita 0.6 tu kati ya mafanikio na hasara. Ncha ya keekee ikiteleza hukimbilia alumini, iliyo laini, ikaiacha bolti, iliyo ngumu. Kipo pia chombo cha kung'olea, kilichosokotwa kinyume ili kiume ndani ya tundu na kuizungusha bolti. Lakini ni kigumu na chepesi kuvunjika. Kikivunjikia humo, keekee ya kawaida haikiwezi, na msiba wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Ndiyo maana dawa hizi zina utaratibu: laini hutangulia, kali hufuata, na kila moja hupewa muda wake kabla ya nyingine kuitwa.

Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa mafundi wote wa nchi yake. Vipimo vya aina hiyo vilipoenea, bolti iliyotengenezwa mji mmoja iliweza kuingia katika tundu lililotobolewa mji mwingine, na watu wasioonana wakawa washirika katika kazi moja. Ushirika huo umo pia katika kila injini iliyozeeka. Bolti hukatika mikononi mwa fundi afunguaye, lakini mara nyingi aliyeiandalia kukatika ni yule aliyeifunga zamani, aliyeikaza kupita kiasi, au aliyeirudisha na uchafu wake katika hesi. Yeye amekwisha sahau na kwenda zake. Lawama huangukia aliyepo.

Kwa hiyo ustadi wa kufungua huanza wakati wa kufunga. Fundi mwema husafisha hesi, hupaka grisi inayostahimili joto penye kuihitaji, na hukaza kwa spana yenye kipimo, akikumbuka kuwa hesi yenye grisi hutaka nguvu ndogo kuliko hesi kavu. Hakuna mteja atakayemsifu kwa tendo hilo, maana halionekani. Miaka mingi baadaye, mtu asiyemjua atashika spana, atasikia mlio mkavu, na bolti itatoka. Huyo naye hatajua amshukuru nani.