Saa 48 Kabla ya Kusaini

Niliingia kiwandani mwaka 1979 nikiwa karani wa masijala, nikastaafu mwaka 2015 nikiwa meneja rasilimali watu. Katika miaka hiyo 36 nilisaini barua za ajira, za kupandishwa cheo, za likizo na za rambirambi. Nyingi nimezisahau. Moja ya mwaka 1998 sijaisahau, nayo niliisaini kabla ya chai ya saa nne.

Kilikuwa kiwanda cha nguo, Dar es Salaam. Tulitengeneza khanga na vitenge usiku na mchana, kwa zamu tatu. Asubuhi hiyo msimamizi wa zamu ya usiku alinisubiri mlangoni. Sijaweka hata mkoba chini, akaanza kunieleza: mfanyakazi mmoja wa ufumaji amekutwa amelala saa tisa usiku, nyuzi zimekatika, mashine zimesimama. Msimamizi huyo alikuwa rafiki yangu. Tulikaa mtaa mmoja. Tena wiki hiyohiyo mkurugenzi alikuwa ameuliza kikaoni kwa nini uzalishaji unashuka, akaniangalia mimi.

Nikamwita mtuhumiwa. Alikuwa na miaka 17 kazini. Alisimama mbele ya meza yangu, vumbi la pamba likiwa bado nyweleni.

“Ulilala, hukulala?”

“Nililala, bosi.”

Akanyamaza. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi sikutaka kuusikia mshindo wake; kimya kile nilikihesabu kuwa kiburi. Sheria ya ulinzi wa ajira ya mwaka 1964, iliyotuongoza wakati huo, ilitaka kamati ya wafanyakazi ishirikishwe katika mambo ya nidhamu. Niliishirikisha kwa kuipelekea nakala ya barua ya kumfukuza niliyokwisha kuisaini.

Wiki tatu baadaye, nikikagua malipo ya saa za ziada, nilitoa kadi yake ya mahudhurio. Alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo kila siku, kwa siku nne. Wenzake wawili walikuwa wanaugua malaria, na msimamizi, badala ya kuomba vibarua, alimwamuru yeye azibe pengo. Rafu ya kadi ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kiti changu. Kadi ile ilikuwapo pale tangu asubuhi niliyomfukuza.

Nilimfuata nyumbani kwake Mbagala. Alinipa kiti, mkewe akaniletea maji ya kunywa. Nikamweleza kwamba nimekosea na kwamba nimekuja kumrudisha kazini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole: “Bosi, siku ile uliniuliza kama nililala. Nilikuwa nasubiri uniulize kwa nini.” Hakurudi. Nilichoweza kufanya ni kuhakikisha analipwa stahili zake zote.

Nimeutafakari uamuzi ule kwa miaka mingi. Sikumchukia mtu yule, na sheria nilizijua. Lakini nilimwamini aliyewahi kunifikia, maana mleta habari wa kwanza ndiye anayechora picha. Anayekuja nyuma yake hukuta rangi zimeshakauka. Nililitafuta kosa ndani ya mfanyakazi nikalipa jina la uvivu. Sikulitafuta katika ratiba ya zamu, kwa sababu ratiba ilikuwa kazi yetu sisi wakubwa. Juu ya yote niliogopa. Nilitaka mkurugenzi aone kwamba nina msimamo. Hofu ya kiongozi ikishavaa sare ya nidhamu, mwenyewe haitambui tena.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilitungwa mwaka 2004, na kanuni zake za utendaji bora zikatoka mwaka 2007. Kumwachisha mtu kazi kukahitaji sababu halali pamoja na utaratibu wa haki, na mtuhumiwa akatakiwa apewe muda wa kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, kwa kawaida usiopungua saa 48. Mameneja wenzangu walilalamika kwamba tumefungwa mikono. Mimi nilimkumbuka yule mtu wa Mbagala. Kama ningelazimika kungoja siku mbili, ningeifikia ile rafu.

Saa hizo hazimlindi mfanyakazi peke yake. Mwaka 2009 majora ya khanga yalipungua ghalani. Mtunza ghala alikuwa mama tuliyemheshimu sote, na moyo wangu ulitaka kumsafisha siku ileile. Nikajizuia. Tulimwandikia barua ya kujieleza, tukalinganisha hati za kupokea na za kutoa mzigo, saini kwa saini. Siku ya kikao alikuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, akaulizwa, akajibu, na hati zikaonyesha kwamba alihusika. Aliondoka kazini. Hakuna mfanyakazi aliyenung'unika, kwa kuwa mwakilishi wao aliziona karatasi zilezile tulizoziona sisi. Siku hiyo nilijifunza kwamba huruma ya haraka nayo hupofusha, kama hasira.

Wewe uliyekabidhiwa watu leo, wawe watano au mia tano, nakuomba jambo hili. Ukiletewa shtaka, usiamue ukiwa mbele ya aliyelileta. Kagua kwanza ratiba na maagizo yako mwenyewe. Kisha mwite mtu wako, mpe kiti, umwulize kwa nini. Akikaa kimya, usimjibie. Msubiri.