Gari likifunguliwa nyumbani, chunga maji ya rejeta

Gari likianza kupunguza maji ya rejeta bila kuonekana yanapovujia, wengi wetu huongeza maji asubuhi, tunafunga boneti na kuwapeleka watoto shule. Wiki inayofuata tunaongeza tena. Halafu siku moja mshale wa joto unapanda, mvuke unafuka mbele ya kioo, na fundi anatoa jibu ambalo wenye magari ya turbo hawapendi kulisikia: gasketi ya silinda hedi imeungua.

Letu ni Toyota Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0 yenye turbo. Gereji ya kwanza ilitaja bei ya kazi ambayo ingelipa ada ya chekechea ya mwanangu kwa mwaka mzima, spea hazijaguswa. Mume wangu alisomea ufundi wa magari VETA kabla hajahamia kazi nyingine, na spana zake hajawahi kuziuza. Akasema kazi ataifanya mwenyewe, hapo hapo uani kwetu, Jumamosi na Jumapili.

Sikubishana naye juu ya injini. Nilichomuuliza ni mtoto wa miaka mitatu atakuwa wapi. Ua wetu ndipo anapochezea, ndipo nguo zinapoanikwa, na ndipo bibi yake anapokaa kuchambua mchicha jioni. Gereji ina geti. Uani kwetu mlango wa jikoni unafunguka moja kwa moja pale gari lilipoegeshwa.

Nieleze kwanza gasketi yenyewe, maana nilitumia wikiendi tatu nikishika tochi na nimeijua vizuri kuliko nilivyotarajia. Ni kipande chembamba chenye matundu mengi kinachokaa kati ya bloku ya injini na silinda hedi iliyo juu yake. Kazi yake ni kuzuia vitu vitatu visikutane: moto wa ndani ya silinda, oili na maji ya kupoza. Turbo inasukuma hewa nyingi zaidi kwenye silinda, hivyo msukumo wa humo ndani ni mkubwa kuliko wa injini isiyo nayo. Injini ikichemsha, hedi ya aluminiamu inatanuka kuliko bloku ya chuma, na gasketi inabanwa na kuburutwa katikati. Ikishindwa mahali pamoja tu, moto unapenya kwenye maji, au maji yanaingia kwenye oili na kuigeuza rangi ya chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo ni adui mkubwa wa turbo, kwa sababu mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku umebebwa na utando wa oili safi.

Kabla ya kufungua chochote mume wangu alipima. Alikuwa na kichupa chenye kimiminika cha buluu, kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Gesi ya moshi ikipanda kutoka kwenye maji, rangi inabadilika: kijani kwa dizeli, njano kwa petroli. Chetu kilikuwa kijani baada ya dakika chache. Nilifurahi kuona kipimo kikitangulia. Nimekaa kwenye korido za hospitali nyingi nikiandika habari za watu waliotibiwa kwa kukisia, na magari nayo hufunguliwa kwa kukisia kila siku.

Kazi ikaanza kwa kumwaga maji ya rejeta, na hapa ndipo ninapotaka mzazi atulie na kusoma taratibu.

Maji hayo, yakiwa na kulanti ya kawaida, yana kemikali inayoitwa ethilini glaikoli. Ina ladha tamu. Kulanti ya Toyota tuliyokuwa nayo ni nyekundu. Beseni lilipokaribia kujaa, kijana aliyekuja kusaidia akakinga yaliyobaki kwenye chupa mbili za maji ya kunywa za lita moja na nusu, akazifunga vizuri, akaziweka kwenye ngazi ya jikoni zisipigwe teke. Alidhani anatunza usafi. Robo saa baadaye mama mkwe akatoka, akaziona, akaniita kwa upole wake wa siku zote: “Mama, hii rozela umeisahau juani, itaharibika. Naiweka kwenye friji.”

Alikuwa tayari ameishika chupa moja.

Angalia jambo lilivyokaa. Mtoto alikuwa ndani amelala, na mlango tuliukumbuka. Sumu ilikuwa njiani kuingia kwenye friji kupitia mikono ya mtu makini kuliko wote nyumbani, na baada ya hapo ningeweza kummiminia mtoto mimi mwenyewe, kwenye kikombe chake, na barafu juu.

Kwa mtoto mdogo, vijiko vichache vya chai vya kulanti isiyochanganywa na maji vinaweza kumweka kwenye hatari ya kifo. Kinachowapotosha wazazi ni saa za mwanzo. Mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa, au akayumba kama mlevi, akatapika kidogo na kusinzia. Wakati huo ini linaivunja kemikali ile na kutengeneza asidi. Baadaye anaanza kuhema haraka, moyo unasumbuka, na kati ya siku ya kwanza na ya tatu figo zinaweza kugoma. Kusubiri uone “kama itamzidi” ni kuzipoteza saa ambazo tiba inafanya kazi vizuri zaidi.

Tiba ipo. Kuna dawa iitwayo fomepizole, ambayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na isipopatikana madaktari hutumia ethanoli kwa vipimo maalumu hospitalini. Kuna pia usafishaji wa damu kwa mashine. Vyote hivyo ni kazi ya hospitali. Usisikie neno ethanoli ukampa mtoto pombe nyumbani. Usimtapishe. Usipoteze muda na maziwa, mayai mabichi wala mkaa wa jikoni uliosagwa. Mbebe yeye pamoja na chupa yenyewe, hata kama anacheka, na umwambie daktari alikunywa nini, kiasi gani unachokisia na saa ngapi.

Baada ya tukio la rozela tuliweka utaratibu wetu. Kila kinachotoka kwenye injini kinaingia kwenye dumu la lita 20 ambalo halijawahi kubeba maji ya kunywa wala mafuta ya kula, linaandikwa SUMU kwa wino mzito, linafungwa na kupelekwa stoo palepale. Chupa za soda na za maji zikapigwa marufuku eneo la gari, hata za mafundi kunywea. Dizeli ya kuoshea vifaa ikawekwa kwenye dumu lake, na kijana akakatazwa kuinyonya kwa mpira na mdomo, kwa sababu tone la mafuta likipitia njia ya hewa linaweza kuleta nimonia mbaya. Wanaoandika habari za watoto waliokunywa mafuta ya taa wanalijua hilo vizuri.

Injini yenyewe ilikwenda polepole. Turbo na bomba zake zikatoka, mkanda wa taimingi ukawekewa alama, na bolti za hedi zikalegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuja katikati, ili hedi isipinde. Ni nzito; watu wawili waliinyanyua. Hedi ikapelekwa Gerezani kupimwa kwa presha kama ina ufa, maana hedi za injini hii zina sifa ya kupasuka zikichemshwa. Haikuwa na ufa. Mtu wa mashine alitaka kuichonga uso hata hivyo, mume wangu akakataa, kwa kuwa rula ya chuma ilionyesha imenyooka ndani ya kipimo, na kwenye dizeli kuchonga bila sababu kunabadilisha nafasi kati ya vali na pistoni. Gasketi nayo huuzwa kwa unene tofauti kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, kwa hiyo Kariakoo alikwenda na vipimo mkononi. Dukani walimwambia zote ni sawa. Alikwenda duka la pili.

Kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani ndiyo kazi niliyoizuia isifanywe kwa mashine ya kusaga. Gasketi za miaka ya zamani ziliwahi kutengenezwa kwa asbesto, na huwezi kujua kwa macho kilichomo kwenye ile unayoitoa. Waliilowesha, wakatumia kikwangulio cha plastiki na uvumilivu. Mume wangu alikuwa na sababu yake: vumbi la mashine likiingia kwenye oili linakula beringi. Tulikubaliana, kila mmoja kwa sababu zake.

Chanzo kikaonekana kwenye rejeta. Nusu ya mirija yake ilikuwa imeziba kwa kutu na chumvi, matunda ya miaka mingi ya kuongezewa maji ya kisima ya Dar es Salaam. Ungefunga gasketi mpya na kuiacha rejeta ile, ungeifungua injini tena kabla ya mwaka kuisha. Tulinunua nyingine, na themostati mpya. Hapo bajeti ikapasuka, lakini bado tulikuwa chini ya bei ya gereji.

Siku ya kuwasha, gari lilisukumwa hadi nje ya geti ili moshi usiingie madirishani. Mtoto na bibi yake walikwenda kwa jirani. Mfuniko wa rejeta huyashikilia maji kwenye presha, kiasi kwamba yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukiufungua yakiwa moto yanalipuka kuwa mvuke usoni. Tulisubiri mpaka mpira wa juu ukashikika kwa mkono bila kuunguza. Kama mtu ameungua, mwagia maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na nguo ambayo haijagandia ngozi, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Dawa ya meno na unga wa ngano viacheni kwenye kabati.

Kichupa cha buluu kikarudishwa juu ya rejeta. Kilibaki buluu kwa robo saa nzima. Oili ilimwagwa baada ya safari fupi na kuwekwa nyingine, ili maji yaliyosalia yasiifikie turbo.

Dumu la lita 20 bado lipo stoo, rafu ya juu, mlango una kufuli. Hatutaki kulimwaga mtaroni, kwa sababu mbuzi na mbwa wa mtaa nao wanapenda kitamu. Mume wangu anaulizia gereji itakayolipokea. Mama mkwe, kwa upande wake, siku hizi juisi ya rozela anaitia kwenye jagi la kioo tu, na kila chupa ya plastiki anayoikuta uani anainusa kwanza, kisha ananiita.