Buni Nyekundu

Nilianza kuimba sauti ya nne katika kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nikiwa na miaka 16. Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani kwetu mwaka 1893, na nyimbo nyingi tulizoimba zilitoka Ujerumani. Mwalimu wa kwaya aligundua kwamba sikuwa besi kamili. Chini nilififia, lakini juu nilifika karibu na waimbaji wa sauti ya tatu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni baritoni. Sauti hiyo ina kazi kubwa kwenye opera." Sikujua opera ni nini.

Miaka minane baadaye nilikuwa Leipzig kwenyewe, katika chuo cha muziki alichokianzisha Felix Mendelssohn mwaka 1843. Miezi ya mwanzo sikuimba wimbo hata mmoja. Nililala chali sakafuni, kitabu kizito tumboni, nikijifunza kuacha mbavu wazi huku pumzi ikitoka kidogo kidogo. Kiswahili kilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Irabu zetu tano ziko karibu sana na za Kiitaliano, kwa hiyo kwenye Mozart na Verdi mdomo wangu ulikuwa nyumbani. Irabu za Kijerumani ndizo zilizonitesa.

Watu huuliza mtu mmoja asiye na maikrofoni anasikikaje juu ya orkestra nzima. Nguvu si jibu. Orkestra ina uzito mkubwa kwenye mitetemo ya karibu 500 kwa sekunde, kisha uzito huo hupungua kadiri unavyopanda. Mwimbaji aliyefundishwa vizuri hukusanya mng'aro wa sauti yake kwenye mitetemo ya karibu 3,000, mahali ambapo vyombo vimemwachia nafasi. Kuupata mng'aro huo bila kukaza koo kulinichukua miaka mitano.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika nyumba ndogo ya opera, kwa mkataba. Ujerumani ina nyumba za opera zipatazo 80 zinazolipiwa na umma, na msanii wa mkataba huimba chochote anachopangiwa: leo Papageno wa Mozart, kesho tarishi mwenye mistari miwili. Nilikuwa na furaha. Kisha, nikiwa na miaka 28, mwimbaji mkuu aliugua, nikaombwa kushika Rigoletto wa Verdi. Ni nafasi ndefu, ya juu na yenye hasira nyingi. Nilikubali siku hiyohiyo. Usiku wa tatu, katika tendo la mwisho, sauti ilikatika.

Daktari aliniingiza kamera kooni, nikaona kwenye skrini nyuzi zangu za sauti zimevimba na kuwa nyekundu. Akanieleza kwamba njia ile aliifungua mwimbaji mwenzangu: Manuel García, baritoni na mwalimu wa uimbaji, ambaye mwaka 1854 alitumia kioo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi zake mwenyewe. Nikaamriwa kunyamaza wiki sita.

Katika wiki ya pili baba alipiga simu. Kaka alikwisha kumweleza, kwa hiyo alijua sitajibu. Alikuwa mkulima wa kahawa, na alizungumza kama mkulima. "Mwanangu, buni haichumwi ikiwa ya kijani. Wewe umechuma mapema. Lakini mti bado upo." Kisha akakaa kimya kwenye simu pamoja nami, mpaka salio lake likaisha.

Nilirudi kwa Mozart. Kwa miaka kadhaa nilikataa kila nafasi nzito, ingawa kukataa kulinipunguzia kipato. Ukutani niliweka picha ya Robert McFerrin, baritoni Mmarekani ambaye Januari 27, 1955 alikuwa mwanamume Mweusi wa kwanza kuimba katika Metropolitan Opera ya New York. Katika opera ya Verdi, *Aida*, aliimba Amonasro, mfalme wa Ethiopia na baba yake Aida.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba Verdi aliwakabidhi baritoni ubaba. Amonasro ni baba. Germont wa *La traviata* ni baba. Rigoletto ni baba. Germont niliimba nikiwa na miaka 36, binti yangu akiwa na mwaka mmoja. Ile sehemu ndefu ya tendo la pili, mzee anapomwomba Violetta amwache mwanawe, sikuisukuma tena. Niliiimba kwa sauti ndogo, na ukumbi ukanyamaza kunisikiliza.

Rigoletto nilimrudia nikiwa na miaka 42. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilipomaliza tendo la mwisho, mikononi mwangu akiwa Gilda, binti wa Rigoletto, anayekufa, koo langu lilikuwa zima, na nilijua ningeweza kuimba tena kesho yake.

Kwa kijana anayeimba leo sauti ya nne kwenye usharika wowote, nasema hivi: jifunze kusoma noti, linda pumzi yako, na ukipewa kazi kubwa kabla ya wakati wake, kataa kwa heshima. Buni ngoja iwe nyekundu.